Alpha Phi Alpha: Udugu Usioishia Siku ya Mahafali

Mwaka wa masomo wa 1905–06 ulipoanza katika Chuo Kikuu cha Cornell, mjini Ithaca, jimbo la New York, wanafunzi sita Weusi waliokuwepo mwaka uliotangulia hawakurudi. Kwa jamii ndogo kama ile, sita ni pengo kubwa. Chuo kiliwapokea Weusi darasani, lakini kengele ya kutoka ilipolia kila mmoja alishika njia yake, wengi wakielekea kwenye nyumba za familia za Weusi mjini walikopanga vyumba. Hawakuwa na pa kusomea pamoja wala wa kuwauliza mtihani wa mwaka jana ulikuwaje.

Wenzao Wazungu walikuwa na vitu hivyo vyote. Vyama vya udugu vya wanafunzi, vyenye majina ya herufi za Kigiriki, vilikuwa na nyumba zao, wapishi wao, na wahitimu matajiri waliowatafutia vijana wao kazi. Baadhi ya wanafunzi Weusi waliziingia nyumba hizo kila siku kwa mlango wa nyuma, kama wahudumu wa mezani. Wakiwa wamebeba sahani waliona jinsi kijana wa mwaka wa kwanza anavyoshikwa mkono na kaka zake wakubwa hadi anahitimu.

Wanafunzi Weusi waliobaki wakaanza kukutana kusoma na kujadiliana, hasa katika nyumba namba 421 ya mtaa wa North Albany. Kiongozi wao alikuwa Charles Cardoza Poindexter, mwanafunzi wa uzamili. Lakini kikundi kiwe nini hasa? Poindexter alitaka kibaki chama cha fasihi. Aliona kwamba Weusi, kizazi kimoja au viwili tu baada ya utumwa, hawakuwa na mapokeo ya kuanzishia udugu wa namna ile. Wengine, akiwemo Henry Arthur Callis, walishikilia kwamba kusoma vitabu pamoja hakutoshi. Walihitaji kifungo kitakachomlazimu mtu kumjali mwenzake. Mabishano hayo yalidumu kwa miezi, na mimi siyaoni kama ugomvi wa majina. Poindexter alikuwa anauliza swali zito: je, tunajenga chetu au tunaiga cha wale wanaotufungia mlango? Vijana walijibu kwamba watakichukua chombo kile na kukipa kazi nyingine.

Tarehe 4 Desemba 1906 ndiyo inayohesabiwa kuwa siku ya kuzaliwa kwa Alpha Phi Alpha. Waasisi wanaotambuliwa ni saba: Callis, Charles Henry Chapman, Eugene Kinckle Jones, George Biddle Kelley, Nathaniel Allison Murray, Robert Harold Ogle na Vertner Woodson Tandy. Wanachama huwaita Vito Saba, na rangi za chama ni nyeusi na dhahabu. Tandy alikuja kuwa msanifu majengo Mweusi wa kwanza kusajiliwa katika jimbo la New York, na ndiye aliyechora jumba la Madam C. J. Walker, mfanyabiashara maarufu wa vipodozi vya nywele. Jones aliongoza kwa miaka mingi National Urban League, shirika lililowatafutia kazi na makazi Weusi waliohamia mijini. Callis akawa daktari, na aliishi hadi 1974, wa mwisho kati ya wale saba.

Chama hakikukaa Ithaca. Desemba 1907 tawi la pili lilifunguliwa Chuo Kikuu cha Howard, Washington, na 1908 tawi jingine likavuka mpaka hadi Toronto, Kanada. Mkutano mkuu wa kwanza ulifanyika Howard mwaka huohuo wa 1908. Chuoni hapohapo, mwaka huo, wanafunzi wa kike walianzisha chama chao, Alpha Kappa Alpha, ambacho miongo mingi baadaye kilimpokea Kamala Harris, aliyekuja kuwa makamu wa rais wa Marekani. Leo vyama vya namna hii vya Wamarekani Weusi ni tisa, vya wanaume na vya wanawake, na vina baraza lao la pamoja lililoanzishwa Howard 1930.

Jambo linaloutofautisha udugu huu na urafiki wa kawaida wa chuoni ni uanachama wenyewe. Mtu akishaapishwa, ameapishwa maisha yake yote. Akihitimu huhamia tawi la wahitimu la mji anakoishi, hulipa ada, huhudhuria vikao, husimamia vijana walio nyuma yake. Anaweza pia kujiunga akiwa tayari ni mtu mzima mwenye shahada: msomi W. E. B. Du Bois alipokelewa akiwa na jina kubwa tayari. Martin Luther King aliapishwa Boston mwaka 1952, alipokuwa akisomea udaktari wa falsafa. Katika miaka ya 1940 chama kiliondoa sharti la rangi katika katiba yake, nacho kimeshapokea wanaume wa asili nyingine.

Kuingia kuna upande wenye aibu, na usifichwe. Kwa miongo mingi vijana waliotaka kujiunga walipitishwa katika mateso, kwa kisingizio cha kuwakomaza. Mwaka 1989 mwanafunzi wa Chuo cha Morehouse, Atlanta, aliyekuwa akitaka kujiunga, alifariki. Mwaka uliofuata vyama vyote vikubwa vya Weusi vilifuta rasmi kipindi cha majaribio kwa wanaotaka kuingia. Hata hivyo manyanyaso ya siri hayajaisha. Kosa jingine lilisemwa mapema na mwanasosholojia E. Franklin Frazier, aliyewashutumu wasomi Weusi kwamba vyama hivi vilikuwa vimegeuka uwanja wa karamu na majivuno. Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Chama kinachochagua watu kwa shahada lazima kiwaache nje wengi wanaobeba mzigo uleule wa rangi.

Lakini tazama kilichotendeka Maryland. Thurgood Marshall, aliyeapishwa akiwa mwanafunzi wa Chuo cha Lincoln, Pennsylvania, alitamani kusomea sheria katika chuo kikuu cha jimbo lake mwenyewe. Hakuomba hata nafasi, kwa kuwa Weusi hawakupokewa, akaenda Howard. Mwaka 1935, akiwa wakili mchanga, alirudi mahakamani Baltimore pamoja na mwalimu wake Charles Hamilton Houston, naye mwana Alpha, kumtetea Donald Gaines Murray aliyekataliwa na chuo hichohicho. Kesi hiyo ilichochewa na chama, kupitia wakili Belford Lawson, na ikaendeshwa na NAACP, shirika la kutetea haki za Weusi. Murray alishinda, akaingia darasani, na Januari 1936 mahakama ya rufaa ya jimbo ikathibitisha hukumu. Miaka 18 baadaye Marshall alishinda kesi ya Brown iliyopiga marufuku ubaguzi katika shule za umma Marekani nzima.

Mwanachama huyohuyo alifika Kenya. Januari 1960, kwa mwaliko uliopitia kwa mwanasiasa Mkenya Tom Mboya, alikwenda Nairobi, kisha London kwenye mkutano wa Lancaster House wa kujadili katiba ya Kenya, kama mshauri wa wajumbe Waafrika. Rasimu ya haki za raia aliyowaandikia ililinda pia mali na usalama wa Wazungu na Wahindi, ambao katika Kenya huru ndio wangekuwa wachache. Alijua maana ya kuwa wachache chini ya sheria isiyokulinda.

Nguvu hiyo ya wahitimu haijaisha. Mwaka 1984 wanachama wachache walipendekeza King ajengewe mnara Washington. Chama kilibeba wazo hilo kwa miaka 27, kikapata idhini ya Bunge 1996, na michango ya takriban dola milioni 120 ikakusanywa hadi sanamu aliyoichonga Lei Yixin kutoka China ilipozinduliwa 2011. Na Julai 2023, serikali ya Florida ilipobadilisha namna historia ya Weusi inavyofundishwa shuleni, chama kilitangaza kwamba mkutano mkuu wa 2025, uliokuwa umepangwa kufanyika Orlando, utahamishiwa jimbo jingine, pamoja na fedha zote ambazo wajumbe wake wangetumia huko.