Nyimbo za Barabara ya Nguva

Mwimbaji Woody Guthrie aliyaandika maneno ya nyimbo zake katika madaftari na karatasi, ila lahani alizihifadhi kichwani. Alipofariki tarehe 3 Oktoba 1967, lahani zilikwenda naye. Yakabaki mashairi zaidi ya elfu moja ambayo hakuna aliyejua yaliimbwaje.

Mengi aliyatunga Mermaid Avenue, yaani Barabara ya Nguva, huko Coney Island, New York, alikoishi miaka ya 1940 na mkewe Marjorie, mcheza dansi wa kundi la Martha Graham. Marekani ilimjua Guthrie kama mwana wa Oklahoma aliyewaimba wakulima waliofukuzwa na vumbi na ukame. Nyumbani alikuwa pia baba aliyewatungia watoto nyimbo za mchezo, na mwanamume aliyeota mchana kuhusu Ingrid Bergman, nyota wa sinema. Kisha ugonjwa wa Huntington, uliokuwa umemuua mama yake, ukamshika naye, akaishi miaka yake ya mwisho hospitalini. Mwimbaji Bob Dylan, katika kumbukumbu zake za mwaka 2004, anasimulia kwamba mgonjwa huyo alimwambia aende Coney Island akachukue mashairi hayo. Kijana akaenda, Marjorie hakuwepo, akarudi mikono mitupu.

Mwenye kulifungua sanduku la mashairi hayo alikuwa binti yao, Nora. Mwaka 1992 alimsikia Billy Bragg katika tamasha la kumkumbuka baba yake jijini New York. Bragg, Mwingereza wa Barking, alijijengea jina tangu 1983 kwa kusimama jukwaani peke yake na gitaa la umeme, akiimba mapenzi na haki za wafanyakazi kwa pumzi moja. Nora alimkabidhi mashairi ayatilie muziki mpya. Msomaji aliyelelewa na taarabu ataona kazi hiyo kuwa ya kawaida, maana kwetu anayetunga shairi, anayelitia muziki na anayeliimba mara nyingi ni watu watatu. Kwa Wamarekani waliomtukuza Guthrie kama sanamu ya taifa, kulikuwa na ujasiri mkubwa katika kumpa mgeni kazi hiyo.

Bragg naye hakutaka kuubeba mzigo peke yake. Akawaita Wilco, bendi ya roki ya Chicago iliyozaliwa mwaka 1994 baada ya bendi ya Uncle Tupelo kuvunjika. Sehemu kubwa ya kazi ilirekodiwa Dublin, na albamu ya Mermaid Avenue ikatoka mwaka 1998 ikiwa na nyimbo 15. Bragg aliuimba utoto wa Oklahoma katika “Way Over Yonder in the Minor Key”, mwimbaji Natalie Merchant akimwitikia. Jeff Tweedy na Jay Bennett wa Wilco waliipa “California Stars” lahani nyepesi, ya kuchezeka, juu ya maneno ya mtu aliyechoka na kutamani kulala chini ya nyota. Kwangu wimbo huo ndio moyo wa albamu. Ukiusikia bila kuambiwa, utadhani maneno na muziki vilitoka kwa mtu mmoja siku moja.

Maelewano hayakudumu. Walipofika kwenye kuchanganya sauti, Bragg na Wilco walivutana hadi kila upande ukamalizia nyimbo zake wenyewe, na Bragg akaunda bendi nyingine, The Blokes, ya kuipeleka albamu majukwaani. Mvutano huo, naamini, umeifaa kazi. Bragg alivutwa zaidi na Guthrie mwanasiasa, Tweedy na Guthrie mpenzi na mwota ndoto, na ndani ya albamu Guthrie amebaki mzima kwa kuwa hakuna upande uliomlainisha mwenzake.

Juzuu ya pili ilitoka mwaka 2000, ya tatu mwaka 2012, mwaka ambao Guthrie angetimiza miaka 100. Nora aliendelea kuwafungulia wengine sanduku: bendi ya The Klezmatics ilitoa albamu ya Wonder Wheel mwaka 2006, na mwaka 2012 Jay Farrar, mwenzake Tweedy wa enzi za Uncle Tupelo, alishiriki albamu ya New Multitudes. Bennett hakuwahi kuiona juzuu ya tatu. Alifariki mwaka 2009. Karatasi zenyewe zimehamia Oklahoma, katika Kituo cha Woody Guthrie kilichofunguliwa Tulsa mwaka 2013, na mengi ya mashairi yaliyomo bado hayana lahani.