Izmir: Jengo la Towashi na Sikukuu ya Ndama

Wengi wetu tukisema Uturuki tunamaanisha Istanbul. Huko ndiko ndege inakotua, huko ndiko wafanyabiashara wa Kariakoo na Eastleigh wanakofuata nguo, na huko ndiko zinakotoka zile tamthiliya zilizotiwa sauti za Kiswahili ambazo mama zetu hawataki kuzikosa. Izmir haimo kichwani mwa mtu. Hata watalii wa Ulaya wengi hulala pale usiku mmoja tu, kesho yake wanapanda treni kwenda kuangalia magofu ya Efeso.

Mimi nilikaa siku tano, na naandika haya kwa sababu ule mji una habari zetu. Sisemi habari za Kiafrika kwa ujumla tu. Nasema habari za watu waliouzwa, baadhi yao kutoka pwani hii hii. Tatizo ni kwamba hutaziona ukifuata ramani ya watalii. Au tuseme utaziona nusu.

Tuanze na kile ambacho kila mtu anaonyeshwa. Izmir, ambayo zamani iliitwa Smyrna, imekaa ndani ya ghuba ya bahari ya Aegean, mji umeizunguka ghuba kama mkono uliokunjwa. Katikati ni Uwanja wa Konak wenye mnara wa saa uliojengwa 1901 kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sultani Abdülhamid II. Vivuko vinakwenda na kurudi kati ya Konak na Karşıyaka ng'ambo ya pili, na abiria wanawarushia shakwe vipande vya mkate. Asubuhi watu wanakula boyoz, kitafunwa cha unga na mafuta chenye matabaka, kilicholetwa na Wayahudi waliofukuzwa Hispania mwaka 1492. Jioni wanakaa kwenye majani pembeni mwa bahari, sehemu inayoitwa Kordon, wakitafuna mbegu za alizeti na kupiga soga hadi usiku. Ni mji unaopendeka, sitaki kuudanganya moyo wangu.

Ukitoka Konak unaingia Kemeraltı, soko la zamani. Mtu wa Mombasa au Unguja hatapotea sana humo: vichochoro, vitambaa, viungo, misikiti iliyobanwa kati ya maduka, na wauzaji wanaokuita abi ukiwa mwanamume na abla ukiwa mwanamke, yaani kaka na dada. Ndani kabisa, karibu na Msikiti wa Hisar, kuna jengo la mawe linaloitwa Kızlarağası Hanı. Han ni nyumba ya misafara. Ina umbo la mraba na uwanja katikati. Chini ni ghala na maduka, juu ni vyumba vya wafanyabiashara waliofika na ngamia wao kutoka bara. Aliyewahi kutembelea Karavanserai ya Bagamoyo ataelewa mara moja. Siku hizi wanauza hapo mazulia, shanga na fedha, na wanakupikia kahawa ndani ya kikombe chenyewe juu ya moto. Ramani niliyopewa hotelini ilisema hivi tu: manunuzi na kahawa.

Lakini hebu lisome jina. Kızlar ağası maana yake ni mkuu wa wasichana. Hilo ağa ndilo lile lile lililomo katika Aga Khan. Kilikuwa cheo cha mkuu wa matowashi weusi katika jumba la Sultani, mlinzi wa nyumba ya wanawake. Jengo hili lilikamilika 1744, na linahesabiwa kuwa la Hacı Beşir Ağa.

Huyu Beşir alikuwa nani? Inaaminika alizaliwa Uhabeshi katika karne ya 17. Alitekwa akiwa mtoto, akahasiwa, akauzwa. Kuhasiwa huko kuliua watoto wengi. Waliopona bei yao ilipanda, na ndiyo maana ilifanyika. Yeye alipona. Akapanda ngazi moja baada ya nyingine ndani ya jumba la kifalme hadi mwaka 1717 alipopewa cheo cha juu kabisa ambacho mtu wa aina yake angeweza kukipata. Akakishika hadi alipofariki 1746, karibu miaka 30. Mawaziri wakuu waliteuliwa na kuondolewa, yeye yupo. Alisikilizwa na Sultani na mama wa Sultani, alisimamia wakfu za Makka na Madina, alijenga shule, maktaba na chemchemi za maji.

Nilikaa kwenye uwanja wa lile jengo nikiwa na kahawa yangu nikajiuliza: nijivunie? Mwafrika aliyekuwa na nguvu kuliko mawaziri, jengo lake limesimama karibu miaka 280. Mitandaoni kwetu habari kama hizi zinapendwa sana. "Walituficha historia," tunaandikiana, kisha tunasambaza picha. Kwa kweli sikuweza kujivunia. Nguvu zake zote zilitokana na kile alichofanyiwa utotoni, na utajiri wake ulitoka ndani ya utaratibu ule ule uliomnunua. Wala siwezi kumlaumu mtoto aliyeuzwa kwa kuwa hakufa. Ninachoweza kusema ni kwamba jiwe linamkumbuka mwenye cheo. Kwa Beşir mmoja aliyefika juu, kulikuwa na maelfu waliobaki chini, na hao hawakujengewa kitu wala hawakujenga kitu chenye jina lao.

Kuwatafuta hao inabidi upande mlima. Kutoka Kemeraltı barabara inakwenda juu kupitia mtaa wa İkiçeşmelik, ukiipita Agora, soko la zama za Warumi lililoangushwa na tetemeko la ardhi mwaka 178 na kujengwa upya kwa msaada wa Kaizari Marcus Aurelius. Watalii wanaishia hapo, wanapiga picha matao na kurudi. Mbele yake, mtaa unapanda kuelekea ngome ya Kadifekale, nyumba zimebanana, kanguo za watoto zimeanikwa madirishani. Mitaa hii, İkiçeşmelik na Ballıkuyu na mingine jirani, katika karne ya 19 ndiyo iliyokuwa makazi ya watu weusi wa Izmir.

Wengi wao walitoka Sudan, Uhabeshi na nchi zinazozunguka Ziwa Chad. Walivushwa Sahara kwa miguu hadi Tripoli na Benghazi, kisha wakapakiwa melini. Wachache walitoka huku kwetu Afrika Mashariki. Wengi walikuwa wanawake, wakifanya kazi za ndani katika nyumba za watu: kupika, kufua, kunyonyesha watoto wa wengine. Wengine walipelekwa kwenye mabonde ya pamba, tini na zabibu nyuma ya Izmir, mazao ambayo Waingereza waliyajengea reli ya Izmir hadi Aydın iliyokamilika 1866.

Mwaka 1857 Sultani alipiga marufuku biashara ya watumwa weusi, ila Hijazi ikaachwa nje ya amri. Angalia neno: biashara. Utumwa wenyewe haukuguswa. Sisi tunaujua mchezo huu. Zanzibar soko la watumwa lilifungwa 1873, lakini ilibidi kungoja hadi 1897 ndipo sheria ikaacha kuutambua utumwa, na hata hapo si kwa wote kwa mara moja. Mwishoni mwa karne hiyo serikali ya Osmani ikawa inawaleta Izmir watu waliokombolewa kutoka kwenye meli na bandari za Libya. Ikafungua nyumba ya kuwapokea, ikawaozesha wao kwa wao, ikawapa ardhi vijijini. Wajukuu wao bado wako huko, upande wa Torbalı, Bayındır na Tire.

Hawakuwa watu wa pembeni siku zote. Ahmet Ali Çelikten, aliyezaliwa Izmir 1883 na mwenye asili ya Borno kwa upande wa bibi, alikuwa rubani wa jeshi la majini la Osmani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, mmoja wa marubani weusi wa mwanzo kabisa wa kijeshi duniani. Lakini ukimuuliza mtu mtaani kuhusu Waturuki weusi, mara nyingi neno litakalomtoka ni Arap, yaani Mwarabu. Mimi mwenyewe niliitwa hivyo na mzee mmoja muuza chai, bila ubaya wowote. Nikamwambia, hapana baba, mimi natoka Tanzania. Akatikisa kichwa kwa heshima, akaniongezea chai, akaendelea kuniita Arap.

Neno jingine walilonalo ni zenci, na hili linatugusa zaidi. Linatokana na Zanj, jina ambalo Waajemi na Waarabu waliliita pwani yetu, ndilo lililotupatia Zanzibar. Na sisi tuna lao: afande. Ni efendi ya Kituruki, iliyofika kwetu pamoja na askari wa Kisudani waliotumikia Wajerumani na Waingereza. Wengi wa askari hao walianza safari yao kama watumwa wa jeshini. Kila tunapomwamkia polisi barabarani tunatumia neno lililopita njia hiyo.

Sasa, watu wa İkiçeşmelik waliacha nini? Waliacha sikukuu. Kila majira ya kuchipua walifanya Dana Bayramı, Sikukuu ya Ndama. Wiki kadhaa kabla, fedha zilichangwa nyumba kwa nyumba, ndama akanunuliwa, akapambwa, akatembezwa mitaani kwa ngoma na nyimbo, mwisho akachinjwa na watu wakala pamoja. Walioongoza walikuwa wanawake walioitwa godya. Godya aliombea, alitibu, alipatanisha, alichangisha fedha za kuwasaidia wenye shida na za kuwakomboa waliokuwa bado utumwani. Kwa mtu aliyekulia pwani hii hahitaji maelezo marefu: ni chama cha ngoma, kungwi na mganga katika mtu mmoja. Serikali ya Osmani haikuipenda, Jamhuri iliyokuja baada yake nayo haikuipenda, na taratibu sikukuu ikafa.

Kufa huko hakukuwa peke yake, maana mji mzima ulikuwa unabadilishwa. Jeshi la Ugiriki lilishuka Izmir tarehe 15 Mei 1919. Jeshi la Mustafa Kemal likaingia tarehe 9 Septemba 1922. Siku nne baadaye moto ulizuka mtaa wa Waarmenia, ukala mitaa ya Waarmenia na Wagiriki, huku mamia ya maelfu ya watu wakibanana gatini na meli za kivita za mataifa makubwa zimetia nanga mbele yao. Wagiriki, Waarmenia na wanahistoria wengi wanasema askari wa Kituruki ndio waliouwasha. Serikali za Uturuki zinakataa. Makumi ya maelfu walikufa kwa makadirio mengi. Ile Kordon ya soga na mbegu za alizeti ndilo gati lenyewe. Na juu ya mitaa iliyoungua, mwaka 1936 ilifunguliwa bustani kubwa ya Kültürpark, ambayo mimi nilipita nikiona watoto wanaendesha baiskeli chini ya minazi ya mapambo.

Mwaka 1923 Ugiriki na Uturuki zikakubaliana kubadilishana watu kwa dini zao. Waorthodoksi zaidi ya milioni moja walihesabiwa kuwa wa Ugiriki, Waislamu karibu laki nne wakaletwa Uturuki. Miongoni mwa Waislamu wa kisiwa cha Krete walikuwemo watu weusi, watumwa wa zamani na watoto wao. Waliotolewa kwao Afrika kwa nguvu wakahamishwa tena kwa nguvu, safari hii kwa mkataba.

Katika familia moja ya namna hiyo alizaliwa Mustafa Olpak, mwaka 1953, katika mji wa Ayvalık kaskazini mwa Izmir. Alikuwa fundi wa marumaru. Hakuwa profesa wala mtu wa serikali. Alifuatilia ukoo wake kurudi nyuma hadi Kenya, na mwaka 2005 akachapisha kitabu ambacho jina lake linaanza kwa kutaja njia waliyopita: Kenya, Krete, Istanbul. Mwaka uliofuata akaanzisha chama cha Waafrika wa Uturuki, na 2007 wakaifufua Sikukuu ya Ndama. Alifariki 2016. Jina Afro-Türk, ambalo sasa linatumika hata magazetini, lilienea kwa juhudi zake.

Pwani yetu imezoea kuisimulia habari ya utumwa kana kwamba inaishia jahazi linapotweka tanga. Tunaonyesha minyororo, tunaonyesha pango, tunaonyesha kanisa lililojengwa pale sokoni Mkunazini. Mgeni analia kidogo, anatoa fedha, anakwenda ufukweni. Waliofika upande wa pili tunawaacha wapotelee baharini. Kumbe walifika, wakazaa, wakalima pamba, wakarusha ndege, na mjukuu mmoja fundi wa marumaru akakaa chini akaandika jina Kenya juu ya kitabu cha Kituruki.

Kwa hiyo ukijaliwa kufika Izmir, nenda kanywe ile kahawa kwenye jengo la Beşir Ağa, ni tamu na bei yake si mbaya. Kisha panda İkiçeşmelik kwa miguu. Na kama unaweza kuchagua mwezi, chagua Mei, wakati wa Sikukuu ya Ndama. Treni ya mji inafika hadi Torbalı. Huko kuna watu ambao wakikuona wataanza kwa kukuuliza umetoka wapi, na safari hii swali hilo litakuwa na uzito kwenu nyote wawili.