Karatasi za polisi na parke: namna familia za Butembo na Beni zinaweza kuziomba

Mtu anakamatwa magaribi, karibu na soko ao kwenye barieri. Ndugu zake wanapata habari asubuhi. Wanaenda kasho ya kwanza, wanaambiwa hayuko. Wanaenda ya pili, wanaambiwa warudi kesho. Siku ya tatu mtu mmoja anawaomba pesa "ya kutafuta dosie". Kwa familia nyingi za Butembo na Beni, safari inaanza hivyo. Na mara nyingi kitu kinachowafungia njia ni kidogo tu: hawajui namba ya dosie, wala ofisi gani inaishika.

Sheria inasema nini

Ngambo ya Kasindi, Uganda iko na sheria ya kupata habari za serikali tangu 2005. Rwanda iliipata 2013, Kenya na Tanzania 2016. Kule Kenya, ofisi ya serikali inapaswa kumujibu raia kwa siku 21, na kwa saa 48 kama habari anayoomba inagusa maisha ao uhuru wa mtu. Kongo haijapata bado sheria ya pekee ya namna hiyo. Ordonansi-sheria ya 13 Machi 2023 juu ya uhuru wa vyombo vya habari inagusa zaidi kazi ya waandishi wa habari na radio.

Lakini raia wa Kongo hayuko mikono mitupu. Katiba ya 18 Februari 2006 inamupa vitu vitatu vya kushika.

Kifungu cha 18: mtu aliyekamatwa anapaswa kuambiwa mara moja sababu ya kukamatwa, katika luga anayosikia. Ana haki ya kuwasiliana mara moja na familia yake ao na avoka. Hawezi kubakia kasho kupita saa 48; kisha hapo anaachiliwa ao anapelekwa mbele ya wakubwa wa sheria.

Kifungu cha 24: kila mtu ana haki ya kupata habari.

Kifungu cha 27: kila Mkongomani, yeye peke yake ao pamoja na wengine, anaweza kuandikia serikali petisyo, na serikali inapaswa kujibu kwa miezi mitatu. Hakuna mtu anayeweza kushitakiwa juu ya kuandika petisyo. Kifungu hiki kinajulikana kidogo, hata kama ndicho kinaweka siku ya mwisho ya jibu.

Kuko watu wanaosema kwamba hali ya dharura ya kijeshi, iliyoanza Kivu ya Kaskazini na Ituri tarehe 6 Mei 2021, ilifuta haki hizo. Si kweli kwa zote. Kifungu cha 61 kinasema kuna haki ambazo haziguswe hata wakati huo: haki ya uzima, kukatazwa kwa mateso, haki ya kujitetea na haki ya kukata rufaa.

Kila karatasi na mlango wake

Kosa la mara nyingi ni kuomba "dosie yote" kwa mtu asiyeishika. Karatasi zinatembea, na kila moja iko na mahali pake.

Kwa polisi: hapo kuko rejista ya kasho, yenye jina, siku na saa ya kuingia, pamoja na PV iliyoandikwa na OPJ. Swali la kwanza la familia liwe hili: aliingia saa ngapi, na OPJ gani anashika PV? Kutoka saa hiyo ndipo saa 48 zinahesabiwa.

Kwa parke: wakati PV inafika kwa mwendesha mashtaka, dosie inapewa namba ya RMP. Namba hiyo ndiyo ufunguo. Parke ndiyo inasimamia kazi ya OPJ na iko na uwezo wa kukagua kasho. Kwa hiyo, kama polisi inakatala kujibu, mlango unaofuata ni parke. Hapo kunaweza kuwa karatasi inayoitwa "mandat d'arrêt provisoire". Nguvu yake ni ya siku 5. Kisha juji ndiye anaweza kuruhusu mtu afungwe kwa siku 15, na baadaye kwa mwezi mmoja mmoja. Kila moja ya ruhusa hizo inapaswa kuwa kwa maandishi.

Kwa tribinali: dosie inapata namba ingine, RP, na inashikwa na karani kwenye grefe. Hukumu inasomwa mbele ya watu wote. Kopi ya hukumu inaombwa kwa grefe, na malipo yake yanatolewa risiti.

Kwa gereza: Kangbayi pale Beni na Kakwangura pale Butembo, kama magereza mengine ya inchi, yanapaswa kushika rejista inayoitwa "registre d'écrou". Inaonyesha mufungwa aliingia siku gani, kwa karatasi gani, na anapaswa kutoka lini.

Kwa oditora ya kijeshi: tangu hali ya dharura ya 2021, kesi za jinai zilipelekwa kwa mahakama za kijeshi, na raia wengi dosie yao ilifungukia pale. Tena, askari wa polisi anayeshitakiwa juu ya kosa anahukumiwa na mahakama ya kijeshi. Basi, mbele ya kuandika, ni vizuri kuuliza: dosie iko parke ao oditora? Barua iliyoenda mlango mubaya inaweza kulala pale miezi.

Barua yenyewe

Kuomba kwa mudomo hakuachi alama. Barua ya ukurasa mmoja inatosha, na inahitaji mambo haya:

– jina la muombaji, undugu wake na mtu aliyekamatwa, na namba ya simu;
– jina kamili la aliyekamatwa, mahali, siku na saa alipokamatwa;
– namba ya RMP ao RP, kama inajulikana;
– karatasi inayoombwa, moja kwa moja: kopi ya hukumu, ao tarehe ya kuingia iliyo katika rejista;
– vifungu vya katiba vinavyotegemezwa: 18, 24 na 27;
– tarehe na sinyatire.

Kiswahili ni luga ya taifa, lakini ofisi zinafanya kazi kwa Kifaransa. Kwa hiyo ni vizuri mwalimu, avoka ao mutu wa shirika la haki za binadamu asaidie kuandika. Barua ipigwe kopi mbili. Moja inabakia ofisini. Ya pili inarudi na muhuri, tarehe na sinyatire ya aliyeipokea. Kopi hiyo yenye muhuri ndiyo ushahidi kwamba hesabu ya miezi mitatu imeanza.

Mahali ambapo jibu linaweza kuwa hapana

Wakati uchunguzi ungali unaendelea, kazi ya parke ni ya siri. Jirani, muandishi wa habari ao shirika hawawezi kupewa PV ya mtu mwingine. Majina ya mashahidi na ya watu waliotendewa ubakaji yanalindwa, na ni vizuri yalindwe. Lakini siri hiyo haifiche mambo matatu kwa familia: kama mtu yuko pale, tangu lini, na juu ya kosa gani.

Kama ofisi inanyamaza, kuko milango mingine. Avoka anaweza kuandika kwa mukubwa wa parke ao wa oditora. Wasio na uwezo wanaweza kuuliza barreau juu ya mashauri ya bure. Komisyo ya taifa ya haki za binadamu, CNDH, iliyoundwa kwa sheria ya 21 Machi 2013, inaweza kupokea malalamiko na kutembelea magereza na kasho. Inspeksyo kuu ya polisi inapokea malalamiko juu ya mwenendo wa polisi. Na sheria ya makosa inaazibu kwa mwaka mmoja mupaka mitano mtu anayemukamata ao kumufunga mwingine bila haki kwa nguvu, hila ao vitisho.

Juu ya pesa: hakuna malipo ya kuonyeshwa rejista. Dhamana inawekwa kwa uamuzi wa wakubwa wa sheria, na inalipwa kwa risiti. Pesa isiyokuwa na risiti haiingie katika dosie, na kesho hakuna atakayeikumbuka.

Sababu ya kushika kopi nyumbani

Katika eneo hili, karatasi zinaweza kupotea kwa usiku mmoja. Gereza la Kangbayi lilishambuliwa Juni 2017, wafungwa zaidi ya 900 wakatoka. Oktoba 2020 lilishambuliwa tena, na zaidi ya 1.300 wakatoka. Agosti 2022 ilikuwa zamu ya Kakwangura, zaidi ya 800. Januari 2025, wakati Goma ilianguka, gereza la Munzenze nalo lilibakia wazi.

Katika kundi kama hilo wanatoka watu wa kila namna: aliyehukumiwa juu ya mauaji, aliyebakisha wiki moja amalize azabu yake, na yule ambaye hajafika hata mara moja mbele ya juji. Asubuhi wote wanaitwa watoro. Mtu anayetaka kurudi mwenyewe mbele ya sheria, ao aliyekwisha kuachiliwa mbele ya shambulio, anahitaji kuonyesha siku aliyoingia, namba yake na hukumu yake. Kama rejista imechomeka na nyumbani hakuna kopi, anabakia na neno lake tu.

Kwa hiyo familia zenye mtu gerezani leo zinaweza kuanza na kazi ya asubuhi moja: kwenda grefe, kuandika namba ya RMP na ya RP katika kaye, kuomba kopi ya hukumu kama imekwisha kutoka, kuipiga picha kwa simu, na kuacha kopi ingine kwa ndugu anayekaa muji mwingine.