Kusoma na Kufanya Kazi: Kumbukumbu ya Koleji Zetu za Lubumbashi

Sisi tuliolelewa katika koleji za mapadri hatukutani pasipo kukumbushana mambo ya siku zile: kengele ya alfajiri, Misa, masomo ya asubuhi, na mchana kazi ya mikono katika shamba ao atelie. Ni furaha njema. Lakini inafaa kujua pia shule hizi zilitoka wapi, maana kumbukumbu tamu isiyo na historia hudanganya upesi.

Mji wetu ulizaliwa na kazi. Mwaka wa 1910 gari la moshi lilifika Elisabethville kutoka kusini, na mwaka wa 1911 Union Minière ilianza kuyeyusha shaba kando ya mto Lubumbashi. Watu wenye ufundi walihitajiwa sana. Tarehe 10 Novemba 1911 wakafika Wasalesiani sita, mkubwa wao Padri Joseph Sak, na mwaka wa 1912 wakafungua shule.

Hawa walikuwa wana wa Don Bosco. Yeye, kule Valdocco katika mji wa Torino, aliona vijana wakiteswa na mabwana wa kazi mjini. Basi mwaka wa 1853 akaweka atelie za viatu na nguo ndani ya nyumba yake mwenyewe. Katika nyumba ile waliishi wanafunzi wa Kilatini na vijana wa ufundi. Walisali katika kanisa moja, na wote walilelewa kwa akili, dini na upendo.

Lakini huku kwetu nyumba hiyo iligawanywa. Collège Saint-François de Sales ilikuwa ya watoto wa Wazungu. Watoto weusi walipewa shule ya ufundi. Katika miaka ya 1920 shule hiyo ya ufundi ikahamishwa Kafubu, nje ya mji. Hivyo daftari likabaki mjini, randa ikapelekwa misioni. Tusiwanyime sifa walimu wale: vijana waliofundishwa useremala na ushonaji walipata kazi ya kulisha jamaa zao. Hata hivyo mtoto mweusi aliyetamani masomo ya juu aliona kwa miaka mingi mlango mmoja mkubwa tu, ndio seminari. Kwa mlango huo alipita Padri Stefano Kaoze, aliyepewa upadri mwaka wa 1917 huko Baudouinville. Ni katika miaka ya 1950 tu ndipo milango ya koleji ilipoanza kufunguliwa kwa watoto wa rangi zote.

Baadaye yakaja majaribu mengine. Tarehe 30 Desemba 1974 Serikali ya Mobutu iliamua kuzitwaa shule za Kanisa. Kwa mapatano ya tarehe 26 Februari 1977 Kanisa lilirudishiwa uongozi wa shule zake. Katika miaka ile koleji ya zamani ya Wazungu ilipata jina la Imara, na shule ya ufundi ya Wasalesiani mjini inaitwa Salama. Majina yote mawili ni ya Kiswahili chetu.

Katika koleji tuliyosoma sisi, padri aliyefundisha Kilatini asubuhi alikunja mikono ya kanzu yake mchana, akapiga randa pamoja nasi. Tulitengeneza mabenchi ya chumba chetu wenyewe, na aliyepima mbao vibaya alikaa juu ya benchi lenye kuyumba mwaka mzima. Pale tulifahamu hesabu kuliko mbele ya ubao. Baadaye, tukiwa mafratri wa staji, tulirudi kufundisha pahali pale pale, tukajifunza kwamba mwalimu hasikilizwi kwa ukali wake, bali kwa kuwa yupo uwanjani pamoja na watoto.

Leo katika Kampemba, karibu na magodauni na atelie za Quartier Industriel, wazazi wanatujia kuuliza juu ya watoto wao. Wengi wanataka kazi ya biro tu. Vijana wengine wanaacha masomo, wanakwenda kuchimba madini. Sisi tukiwajibu kwamba masomo ni ya wenye akili na ufundi ni wa walioshindwa, tunajenga tena ukuta ule wa zamani, mara hii kwa mikono yetu wenyewe. Mtoto mwenye akili ashike pia nyundo. Na fundi apewe vitabu, ajue kusoma mkataba wake na Injili yake.

Watu wa Nazareti walimwita Bwana wetu seremala. Naye ndiye aliyesimama katika sinagogi yao, akapokea kitabu cha nabii Isaya, akakifungua, akasoma.