Radi katika uvuvi wa mitumbwi (Kasese)

Radi ni miongoni mwa hatari kubwa za hali ya hewa kwa wavuvi wa Ziwa Edward na Ziwa George, wilayani Kasese, magharibi mwa Uganda. Maziwa haya yameunganishwa na Mfereji wa Kazinga. Mialo yake ni pamoja na Katwe, Kayanzi, Hamukungu na Kahendero.

Chanzo. Mvua nyingi hunyesha Machi hadi Mei na Agosti hadi Novemba, hewa yenye unyevu inapopanda miteremko ya Rwenzori na kufanya mawingu ya radi. Ng'ambo ya mpaka wa Mpondwe, milima ya mashariki mwa Kongo ni kati ya sehemu zinazopigwa radi mara nyingi zaidi duniani. Radi hupiga zaidi kilichoinuka kuliko vinavyokizunguka. Ziwani, hicho ni mtumbwi na mvuvi aliyesimama ndani yake. Nyavu hutegwa jioni na kuopolewa alfajiri, hivyo wingu linaweza kukaribia gizani bila kuonekana.

Tahadhari. Mtumbwi usio na paa hauna mahali salama, kwa hiyo kinga kubwa ni kutotoka mwaloni wingu linapojikusanya. Sauti husafiri kilomita 1 kwa takriban sekunde 3. Ngurumo ikisikika ndani ya sekunde 30 baada ya mmweko, radi iko umbali usiozidi kilomita 10: nyavu ziachwe, watu warudi pwani. Kazi isianze tena hadi zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Waliokwama ziwani wavae jaketi okozi, wachuchumae katikati ya mtumbwi, walaze upondo, na wasiguse maji, injini wala nyavu mbichi. Nchi kavu, kimbilio ni jengo imara la kudumu au gari la bodi ya chuma lililofungwa vioo, si mti wala kibanda. Hata hivyo, mwaka 2011 wanafunzi 18 waliuawa na radi wakiwa shuleni Runyanya, wilayani Kiryandongo, Uganda. Kwa hiyo jengo lisilo na mfumo wa kupitisha umeme ardhini si kinga kamili.

Huduma ya kwanza. Aliyepigwa habaki na umeme mwilini. Anaweza kuguswa mara moja. Vifo vingi hutokana na moyo kusimama. Asiyepumua akandamizwe kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku akitafutiwa usafiri wa kwenda kituo cha afya au hospitali, kama ile ya Bwera. Wakipigwa watu kadhaa, walio kimya wahudumiwe kabla ya wanaolia.