Jinsi mbwa anavyotambua kupita kwa wakati

Wengi wanaofuga mbwa wamewahi kushuhudia jambo hili: saa ya mwenye boma kurejea kutoka kazini inapokaribia, mbwa huinuka, akaelekea langoni na kuketi akingoja. Hana saa wala kalenda. Je, hujuaje kwamba wakati umewadia?

Wataalamu wa tabia za wanyama wanataja mambo matatu: mwili wake, mazoea na pua yake.

Kwanza ni mwili. Ubongo wa mbwa, sawa na wa binadamu, una sehemu ndogo inayoongozwa na mwanga wa mchana na giza la usiku. Sehemu hiyo ndiyo hupanga nyakati za kulala, kuamka na kuona njaa.

Pili ni mazoea. Mwanasayansi wa Urusi, Ivan Pavlov, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1904, alidhihirisha katika maabara yake kwamba mbwa anayelishwa kila baada ya dakika 30 huanza kudondokwa na mate muda huo unapokaribia kutimia, hata kabla ya kukiona chakula. Nyumbani nako, mbwa hushika mfuatano wa mambo: watoto wakirudi kutoka shuleni na taa zikiwashwa, hujua kinachofuata.

Tatu ni pua. Alexandra Horowitz, mtafiti wa Chuo cha Barnard jijini New York, amependekeza kwamba mbwa huweza kupima muda kwa harufu. Mtu anapoondoka, harufu yake hubaki nyumbani na kufifia kidogo kidogo. Kadiri inavyopungua, ndivyo mbwa anavyotambua kuwa mwenyewe ameondoka kitambo. Hata hivyo, hiyo ingali nadharia.

Mnamo 2011, watafiti Therese Rehn na Linda Keeling wa Uswidi walichapisha matokeo ya utafiti kuhusu mbwa walioachwa peke yao nyumbani kwa dakika 30, saa 2 na saa 4. Walioachwa kwa saa 2 au zaidi waliwalaki wenyewe kwa uchangamfu mwingi kuliko walioachwa kwa nusu saa. Lakini kati ya saa 2 na saa 4 hapakuonekana tofauti kubwa. Yamkini mbwa hutambua kwamba ameachwa kwa muda mrefu, ingawa utafiti huo haukuonyesha kama anaweza kuhesabu saa zenyewe.

Mazoea hayo hayafutiki upesi. Nchini Japani, mbwa aitwaye Hachiko alizoea kumpokea Profesa Hidesaburo Ueno katika kituo cha garimoshi cha Shibuya, jijini Tokyo. Profesa alifariki ghafla mwezi Mei 1925, lakini mbwa huyo aliendelea kwenda kituoni kumngoja hadi alipokufa mwezi Machi 1935. Saa aliijua, habari ya msiba hakuwa na njia ya kuipata.

Kwa hivyo, anayefuga mbwa hana budi kumlisha na kumtembeza kwa saa zilezile kila siku, na kuepuka kumfungia peke yake kutwa nzima. Mbwa anayebweka ovyo au kukwaruza mlango wenyewe wakiwa hawapo si lazima awe mtukutu. Huenda ameona muda umepita mno, na hakuna aliyerudi.