Bitcoin: pesa isiyo na gavana

Wadau, hapa Mnazi Mmoja mpaka Kariakoo vijana wananiuliza sana: eti bitcoin ni pesa ambayo serikali haiwezi kuigusa? Ngoja nieleze kwa kifupi.

Bitcoin ilianza Januari 2009, kazi ya mtu au watu waliojiita Satoshi Nakamoto. Haina benki kuu. Daftari lake liko kwenye maelfu ya kompyuta duniani, na sarafu zake hazitazidi milioni 21. Mwenye ufunguo wa siri ndiye mwenye pesa. Oktoba 2020 kule Nigeria, kundi la Feminist Coalition, lililowasaidia waandamanaji wa EndSARS, lilifungiwa njia za benki. Likaendelea kupokea michango kwa bitcoin.

Kwetu, Novemba 2019 Benki Kuu ilitangaza kuwa sarafu hizi haziruhusiwi. Juni 2021 Rais Samia akaitaka benki hiyo ianze kujiandaa nazo. Sheria ya Fedha ya 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3.

Mimi naona hivi: uhuru huo una mlango. Ukitaka shilingi za kununulia unga, utapita kwenye simu, na laini yako imesajiliwa kwa alama za vidole. Daftari nalo liko wazi kwa kila mtu. Ukishajulikana anwani yako, miamala yako yote inasomeka.

Halafu jamani, ufunguo wako usiuandike kamwe kwenye kompyuta ya intaneti kafe. Ukiibiwa, hakuna wa kumpigia simu akurudishie.

Mnasemaje wadau?